Mama ana kidonda mguuni, wanampima akiwa amelala halafu wanaandika "kawaida"!

Wadau wa Kisumu na huku magharibi yote, hili siwezi kulinyamazia.

Mama yangu huuza samaki soko la Kibuye, kazi ya kusimama kutwa. Mguu wake wa kushoto huvimba kila jioni, ngozi juu ya kifundo imekuwa nyeusi na ngumu, na sasa pana kidonda upande wa ndani kisichotaka kufunga. Daktari akaagiza altrasaundi ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Tukaenda kituo kimoja cha kibinafsi mjini, tukalipa pesa tulizokopa chamani. Wakamlaza chali, wakampaka jeli, wakabonyezabonyeza paja na nyuma ya goti, basi. Ripoti: hakuna damu iliyoganda, mishipa ni kawaida.

Kawaida gani na mguu unatoa maji?

Sipingi kutafuta damu iliyoganda, ni lazima. Lakini daktari aliuliza pia kama vali, vile vilango vya ndani ya vena, zinafunga! Vali ikilegea, damu inashuka badala ya kupanda kwenda moyoni, na shinikizo hilo ndilo linaloharibu ngozi mpaka ipasuke. Kipimo chake kinajulikana: mgonjwa asimame, uzito autupie mguu mwingine, mpimaji aminye kigimbi kisha aachilie ghafla, Dopla, altrasaundi inayoonesha mwendo wa damu, ioneshe damu imerudi chini kwa muda gani. Kwenye vena za juujuu, ikizidi nusu sekunde vali imeshindwa. Kwenye vena kubwa za ndani, za paja na nyuma ya goti, kikomo ni sekunde 1. Ukimpima amelala, tatizo linaweza kukupita hivi hivi.

Ripoti ya mama haina sekunde yoyote. Haina kipenyo cha vena. Zile vena zinazounganisha za ndani na za juu, pale pale chini ya kidonda, hazikutajwa kabisa! Nilipouliza nikajibiwa mimi si daktari. Sawa, lakini kwa ngazi za CEAP, za kupanga ukali wa ugonjwa wa vena, zinazoanzia C0, kidonda kilicho wazi ni C6, na baada ya hapo hakuna ngazi nyingine. Daktari ataamuaje vena ipi izibwe kwa karatasi kama hii?

Anayejua pahali Kisumu, Kakamega au Eldoret wanapompima mgonjwa akiwa amesimama na kuandika sekunde kwenye ripoti, aniandikie hapa. Na nyinyi wa kile kituo, mkisoma hii: mama arudiwe kipimo, na hatulipi tena.