Ravel, konseto ya piano ya G meja, sehemu ya pili: mwendo na hisia

Mpiga_Kinanda:
Wakuu, habari za jioni. Naandaa Adagio assai (sehemu ya polepole sana) ya konseto ya G meja ya mtunzi Mfaransa Ravel, kazi ya piano na okestra. Nakala inasema kweva = 76, yaani kweva (noti za nusu pigo) 76 kwa dakika, na mapigo ni 3/4, krocheti (noti za pigo zima) tatu kwa kila kipimo. Shida yangu ni mkono wa kushoto: baada ya vipimo vichache unageuka kuwa waltz (dansi ya moja-mbili-tatu) na melodia inaburutwa nao. Pili, niupige kwa huzuni? Wengine wananiambia nipunguze mwendo zaidi ndiyo utapendeza.

Besi_na_Sauti:
Mkuu, hiyo waltz Ravel ameiandika makusudi. Hesabu kweva sita katika kila kipimo. Kushoto kuna besi (noti ya chini) moja na akodi (noti kadhaa kwa pamoja) mbili, kisha besi na akodi mbili tena, yaani 3+3. Kulia melodia inahesabiwa 2+2+2. Kwa hiyo besi ziko kwenye kweva ya 1 na ya 4, wakati mapigo ya mkono wa kulia yako kwenye 1, 3 na 5. Besi ya pili inaangukia katikati ya pigo la pili na la tatu. Hapo ndipo wengi wanapopotea: sikio linaivutia melodia ikae juu ya besi, na bila mtu kujua 3/4 imekuwa 6/8, yaani mapigo mawili ya kweva tatu tatu. Ikishakuwa 6/8, wimbo wote unabembea na ule utulivu wa ajabu umekwisha.

Fanya hivi. Kwanza kushoto peke yake, kweva zote sawasawa, akodi nyepesi kuliko besi. Kidole gumba ndicho kinachoharibu, maana kina uzito wa asili na akodi zinatoka zikigonga. Halafu piga melodia pamoja na besi tu, ukiacha akodi, huku ukihesabu moja hadi sita kwa sauti. Ukiweza vipimo vinane bila kuyumba, rudisha akodi. Metronomu ibaki kwenye 76 kwa kweva, usihangaike kuitafuta krocheti 38, kwa kuwa mlio wa kweva hauegemei mkono wowote.

Jambo jingine: utasikia rekodi maarufu, ile ya mpiga piano Michelangeli kwa mfano, ambapo mkono wa kulia unachelewa kidogo baada ya wa kushoto. Kwake ni mtindo alioudhibiti kabisa. Kwa anayejifunza, kuiga hilo mapema kunaficha kosa lilelile unalolilalamikia.

Filimbi_Kavu:
Kuhusu kupunguza mwendo, mimi nakataa. Anza kuangalia mwisho ndipo urudi mwanzo. Melodia ile inaporudi inachukuliwa na kor angle (ala ya kupuliza ya okestra), na piano inaizungushia noti za haraka, nne katika kila kweva. Kwa 76 hizo ni noti kama tano kwa sekunde, mkono unazipiga kwa raha na zinang'aa. Ukishuka hadi 60 ni nne tu kwa sekunde, na sikio linaanza kuzihesabu moja moja. Isitoshe, kipimo kimoja kwa 76 kinachukua sekunde 4.7 hivi, kwa 60 ni sekunde 6 kamili. Msemo wa vipimo vinne unatoka sekunde 19 hadi 24. Wewe kwenye piano huhitaji pumzi, lakini mpiga kor angle anaihitaji. Mwendo utakaouanzisha peke yako ndio atakaourithi yeye dakika kadhaa baadaye.

Na ukikimbia, tuseme 92, waltz ya kushoto inashinda kabisa. Kati ya 72 na 80 ndiko ningekaa.

Mpiga_Kinanda:
Asanteni sana. Na pedali, kanyagio la kuendeleza sauti? Nikiibadilisha kwa kila krocheti besi inakatika.

Besi_na_Sauti:
Badilisha pedali kila besi inapopigwa, mara mbili kwa kipimo. Melodia inapopita noti jirani kwa jirani, inua nusu tu, usiachie yote.

Doh_ni_E:
Naongezea kwenye hisia, maana hapo bado hajajibiwa. Ufunguo ni E meja, sharpi nne; waimba kwaya waliozoea solfa waweke doh = E. Si wimbo wa huzuni. Melodia ya mwanzo inaenda zaidi ya vipimo thelathini bila kurudia hata kimoja, na nguvu yake iko katika kutokukatika. Ukianza kulia kipimo cha tano, utakuwa umemaliza machozi kabla filimbi haijaingia. Piga kwa sauti ya chini, iliyo wazi, bila kusukuma, na usipunguze mwendo mwisho wa kila msemo, kwa kuwa hakuna mahali pa kusimama. Uchungu upo, ila Ravel ameuweka katikati, okestra inapopanda polepole na akodi zinapogongana. Hapo ndipo uongeze uzito, halafu uuache wote kor angle anapoingia. Kuanzia hapo piano ni msindikizaji, hata kama noti zako ni nyingi kuliko zake. Mtu akikusikia wewe kwanza, umepiga kwa nguvu mno.