Barcelona, Sevilla, Granada au Salamanca: wiki sita za Kihispania, niende mji gani?

Mwanalugha (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nina wiki sita za likizo, kuanzia mwisho wa Juni hadi mapema Agosti, na chuo changu kimeniruhusu kwenda kusoma Kihispania huko huko Hispania. Niko kiwango cha B1, yaani cha kati. Gazeti nasoma nikiwa na kamusi pembeni, barua naandika ikaeleweka, lakini mtu akinijibu kwa kasi naganda kabisa, maneno yote yananikimbia. Hilo ndilo linalonipeleka. Sarufi naweza kuisoma chumbani kwangu.

Orodha ilikuwa ndefu, sasa imebaki miji minne. Barcelona kwa sababu kila mtu anaitaja. Sevilla kwa sababu mwalimu wangu wa kwanza alisoma pale. Granada nimesikia maisha si ghali. Salamanca ina chuo kikuu cha tangu 1218, na nasikia Kihispania chao ndicho "safi". Bajeti inabana: nikishalipa ada na tiketi, kinachobaki ni cha chumba, chakula na nauli, basi. Na lazima nirudi na krediti ambazo chuo changu kitazikubali.

Waliowahi kukaa huko, naomba mnieleze mlivyoishi. Vivutio vya watalii nimeshavisoma vya kutosha.

Kalamu ya Mkaa

Mkuu, mimi nilikaa Salamanca wiki tano, Julai yote na siku chache za Agosti. Ni mji mdogo, kila mahali unakwenda kwa miguu, kwa hiyo nauli ifute kwenye bajeti. Majengo ya mji wa kale ni ya jiwe la mchanga linalochimbwa kijiji cha jirani, Villamayor, na jua linapozama, ambalo mwishoni mwa Juni huzama karibu saa nne usiku, kuta zote zinageuka rangi ya asali. Mji uko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto lipo, ila usiku utatafuta sweta, na usingizi unaupata. Usilidharau hilo, maana asubuhi una darasa.

Matamshi ya huko yanamsaidia mgeni kwa kweli. S ya mwisho unaisikia, z na s zinatofautishwa, na watu hawamezi silabi sana.

Sasa tatizo, na nalisema kwa uzito kwa sababu mimi mwenyewe sikuambiwa. Julai wanafunzi wenyeji wamefunga chuo na kurudi kwao. Mji unabaki na wageni waliokuja kujifunza lugha kama wewe. Darasani kwetu tulikuwa kumi na mmoja, na siku ya tatu tu mazungumzo ya mapumziko yalishakuwa Kiingereza. Kilichoniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akikaa benchi lile lile la Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji, kila jioni. Siku ya kwanza nilimuuliza yule chura aliyechongwa kwenye uso wa chuo kikuu yuko wapi (wanasema mwanafunzi akimwona bila kuonyeshwa atafaulu mitihani). Alikataa kunionyesha, ila akaniambia nikae. Nilikaa kila jioni wiki nne. Nikichanganya *por* na *para* (zote kwetu ni "kwa") alikuwa ananyanyua kidole kimoja tu, ananyamaza, ananisubiri nijirekebishe. Darasani sikuwahi kupata mwalimu wa namna hiyo. Chura nilimwona wiki ya pili, amekaa juu ya fuvu.

Tulivu

Sevilla, wiki sita, Juni na Julai. Nianze na joto kwa sababu ndilo linalopanga maisha. Wastani wa joto la mchana kwa Julai ni kama nyuzi 36, na siku za kupita 40 hazimshangazi mtu. Mama mwenye nyumba niliyokaa alikuwa anashusha mapazia ya mbao yote saa nne asubuhi, nyumba inakuwa giza kama usiku, na hakuna kufungua mpaka jioni. Mitaa ya katikati kama Sierpes wanaitandikia maturubai juu, kutoka paa hadi paa, ili watu wapite kivulini. Ukitoka darasani saa nane mchana unatembea ukifuata ukuta wenye kivuli, na kitasa cha mlango wa chuma hukishiki mara mbili.

Lakini saa nne usiku mji wote uko nje, watoto, vikongwe, wote. Kihispania changu nilikipata saa hizo.

Lafudhi ni suala jingine. S za mwisho zinamezwa, *cansado* (amechoka) inakuwa *cansao*, na mjini pale wengi wanatamka z kama s. Wiki ya kwanza nilidhani nimekosea nchi. Wiki ya nne nikaanza kuelewa dereva wa basi, na tangu hapo mtu wa Madrid akizungumza naona kama ananisubiri. Kwa mtu anayeganda akijibiwa haraka, nadhani hii ni dawa kali inayofanya kazi, ila usiende kama wiki mbili za mwanzo za kutoelewa kitu zitakuvunja moyo.

Baharia

Barcelona nimeishi na ninaipenda, na kwa lengo lako naomba uiache.

Kwanza, Kikatalani ni lugha rasmi pale pamoja na Kihispania. Ndiyo lugha ya shule, mabango na familia nyingi. Wote wanajua Kihispania na watakujibu kwa Kihispania, lakini ukikaribishwa mezani mazungumzo yanarudi kwenye lugha yao, nao wana haki hiyo. Ni lugha ya kuheshimiwa, si kikwazo. Tatizo ni kwamba wewe umekwenda wiki sita kutafuta lugha nyingine. Pili, katikati ya mji mhudumu akikusikia umesita sekunde moja tu anahamia Kiingereza. Tatu, pango. Wenyeji wenyewe wameandamana kwa sababu ya kodi za nyumba na wingi wa watalii, na miezi ya joto ndiyo mibaya zaidi kutafuta chumba cha muda mfupi.

Ungekuwa unasoma usanifu majengo ningekwambia panda ndege leo.

Mpenda Milima

Mimi ni Granada, na sina la katikati katika hili.

Mji uko kama mita 700 juu, milima ya Sierra Nevada iko mgongoni. Mchana Julai ni moto, nyuzi 34 au 35 ni kawaida, lakini usiku hewa inashuka kutoka milimani na unafungua dirisha ukalala. Chuo kikuu kilianzishwa 1531, na kituo chake cha lugha kipo Realejo, mtaa wa kale chini ya kilima cha Alhambra (ngome na majumba ya wafalme Waislamu wa zamani), kwa hiyo unasoma katikati ya watu wanaoishi pale, si nje kwenye kampasi tupu.

Kuhusu bajeti, ni kweli. Granada bado wana desturi kwamba ukiagiza kinywaji, hata kama ni maji ya matunda, unaletewa na kisahani cha chakula bila kulipia zaidi. Wengi watakwambia hiyo inaokoa hela. Mimi nasema inaokoa lugha. Unasimama kaunta, huna meza ya kujificha, kulia kwako kuna mtu, kushoto kuna mtu, na kisahani kikija ni lazima uulize ni kitu gani hicho. Nilianza mazungumzo mengi mno kwa swali hilo moja.

Lafudhi nayo ni ya kusini, wanameza s, lakini si kama Sevilla. Sehemu hizi za mashariki ya Andalucía, jimbo la kusini lenye Sevilla na Granada, watu wengi wakishameza s wanaifungua irabu, kwa hiyo *la casa* (nyumba moja) na *las casas* (nyumba nyingi) zinatofautiana kwa upana wa a ya mwisho. Mwenyeji wangu aliniambia nimtazame mdomo badala ya kusikiliza s ambayo haipo. Siku hiyo masikio yalifunguka.

Tahadhari moja: tiketi ya Alhambra ina saa maalumu ya kuingia kwenye majumba ya Wanasri, ukoo wa wafalme hao, na miezi ya joto zinaisha mapema. Nunua kabla hujasafiri.

Mwalimu wa Zamani

Wanangu, nimepeleka wanafunzi nje kwa miaka mingi, naomba niongeze.

Mji ni swali la pili. La kwanza ni saa za baada ya darasa. Kozi nyingi za majira ya joto ni kama saa 20 kwa wiki. Zile nyingine zote ukiwa macho, nani anazungumza nawe? Kalamu ya Mkaa alipata jibu kwa bahati, kwenye benchi. Wewe Mwanalugha litafute kabla hujalipa. Ukichagua kukaa na familia, uliza swali hili kwa maandishi: nyumbani humo kuna wanafunzi wengine wangapi wa kigeni? Nina mwanafunzi wangu aliwekwa na wakala mmoja kwenye nyumba yenye wageni wanne, chakula wanaachiwa jikoni, mwenye nyumba haonekani. Alilipia familia akapata hosteli. Alirudi na Kihispania kile kile alichoondoka nacho, na iliniuma, kwa sababu barua ya kumruhusu niliisaini mimi.

La pili, neno "safi". Lifute. Hakuna mji wenye Kihispania safi na mwingine wenye kichafu. Salamanca ni rahisi zaidi kwa sikio la mgeni, hiyo ndiyo kauli ya haki.

La tatu, krediti. Mfumo wa Ulaya, ECTS, unahesabu krediti moja kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Cheti cha shule binafsi kinachosema "amehudhuria saa 80" si krediti. Dai mambo mawili: muhtasari wa kozi unaoonyesha idadi ya ECTS na mtihani wa mwisho, na barua ya idara yako inayosema itazikubali. Barua hiyo uipate kabla ya kulipa ada. Ukirudi huna nguvu ya kujadiliana.

Karatasi Zote

Upande wa visa, kwa wanaoihitaji: wiki sita ni chini ya siku 90, kwa hiyo ni visa ya muda mfupi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini wanaruhusiwa kuvuta hadi 45, kwa hiyo ile siku 15 kabla isikudanganye. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari isipungue kinga ya euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya. Miadi ndiyo inayowachelewesha wengi, kwa hiyo shika miadi siku ile ile unayopata barua ya shule.

Mwanalugha

Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Mwalimu, shikamoo. Swali lako nimelituma kwa ofisi tatu za kozi leo asubuhi.

Barcelona nimeitoa. Nilikuwa nafikiria nigawanye: wiki tatu Salamanca nizoeze sikio, halafu wiki tatu Sevilla au Granada. Mnaonaje?

Kalamu ya Mkaa

Wazo zuri. Unaanza na chepesi, unamalizia na kizito.

Mpenda Milima

Nakataa kabisa. Wiki ya kwanza unajifunza njia ya duka. Wiki ya pili muuza mkate anakuzoea. Wiki ya tatu ndipo anakuuliza kwenu hawajambo, na wewe unataka kufunga begi? Watu wanaanza kukuzungumzisha pale wanapoona hauondoki kesho.

Tulivu

Nipo na Mpenda Milima hapo. Na zile wiki mbili za kutoelewa nilizozitaja, ukihama utazilipa mara mbili.

Mwalimu wa Zamani

Marahaba. Kaa mahali pamoja. Na krediti za kozi mbili fupi ni taabu kuziunganisha, hilo nalo lifikirie.

Mwanalugha

Majibu yamekuja. Ofisi ya Salamanca wanasema familia zao zote Julai zina wageni wawili au watatu, wamekuwa wakweli na nimewashukuru. Sevilla hawajajibu swali, wamenitumia kipeperushi. Granada wameniambia kuna bibi anaishi na wajukuu wawili wa shule ya msingi, hapokei zaidi ya mwanafunzi mmoja, na muhtasari wa kozi una ECTS zake na mtihani. Nimeupeleka idarani leo, barua nitaipata Ijumaa.

Granada basi, wiki zote sita. Nimeanza kuwatazama watu midomo.

Mpenda Milima

Nimefurahi mno! Muulize bibi yuko mtaa gani. Kama ni Albaicín ya juu, mtaa wa kale wa kilimani, njia zote ni za mawe na zinapanda, gari halifiki kila mlango. Acha begi la magurudumu nyumbani, chukua la mgongoni. Na wajukuu wa shule ya msingi hao, cheza nao karata. Mtoto hakupunguzii kasi hata kidogo, na ukikosea anakwambia papo hapo.