Wenye spika za matangazo Ngamiani: "mbona nimepunguza" si jibu

Wakuu,

Kila anayelalamikia spika za madukani hapa Tanga mjini anapewa jibu lile lile: "Mbona nimepunguza?" Umepunguza nini sasa? Spika ya chini inayorudia "jero jero, chagua mwenyewe, mwisho leo" inavuruga kichwa karibu sawa na ya juu. Na msituletee programu ya simu ya kupima desibeli, kwa sababu haipimi maneno.

Hili lilishapimwa. Mwaka 1976 watafiti Colle na Welsh waliwapa watu orodha za herufi wazikumbuke kwa mpangilio, huku pembeni sauti ikisoma Kijerumani wasichokijua. Wakakosea zaidi kuliko kwenye ukimya. Wengine baadaye wakabadilisha ukubwa wa sauti, kuanzia mazungumzo ya chini hadi ya kupaza, na makosa hayakubadilika sana.

Kinachovuruga ni sauti inayobadilika-badilika. "Ba, ba, ba" ina nafuu, "ba, di, ku" ndiyo balaa. Feni ikivuma au jenereta ikinguruma inakera, ila haiharibu mpangilio kiasi hicho. Ukishika namba kichwani huwa unaisemea moyoni, tarakimu moja baada ya nyingine. Wakati huohuo akili inapanga kila sauti mpya inayoingia sikioni, utake usitake. Foleni mbili, mlango mmoja.

Sasa chukua tokeni ya LUKU, tarakimu 20. Mtu anasoma nne nne kwenye simu, anageuka kubonyeza, tangazo linaingia katikati, 4718 inakuwa 4178. Mita inakataa, yeye anailaumu mita. Kwa wakala ni mbaya zaidi: namba ya simu ina tarakimu 10, mbili zikipishana nafasi hela inakwenda kwa mtu mwingine, ugomvi unaanza.

Anayebisha ajipime. Mtu akusomee tarakimu 9, moja kila sekunde. Subiri sekunde 10 bila kuandika, kisha andika kwa mpangilio. Orodha 10 kwenye ukimya, 10 feni ikiwa imewashwa, 10 tangazo likiwa linaongea. Orodha ziwe tofauti kila mara, na hesabu kosa kila tarakimu isiyo mahali pake. Msikilizaji asirudie kwa sauti, hapo jaribio limeharibika.

Halafu kuna wanaosema "utazoea". Kwenye majaribio, kurudia siku baada ya siku kulisaidia kidogo sana. Wengine wanafungulia singeli ili wasisikie tangazo. Hapo umeongeza maneno juu ya maneno. Afadhali feni, iwekwe karibu nawe, ifunike maneno mpaka yasisikike vizuri. Vizibo vya sponji navyo watu wanavichomeka nusu. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia sekunde 30 kivimbe.

Ila mtoto wa darasa la saba mnampa vizibo? Watoto wanavurugwa kuliko watu wazima, na kwenye kusoma kwa ufahamu, maneno ya lugha anayoielewa ndiyo yanayomvuta zaidi. WHO inataka kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha. Kwa joto letu madirisha hayafungwi, na gari la matangazo linapita saa nne asubuhi na spika nne juu.

New York, mwaka 1975, watafiti Bronzaft na McCarthy walikuta wanafunzi wa upande wa reli ya juu wako nyuma kwa kusoma kuliko wa upande tulivu wa shule hiyohiyo. Reli ikawekewa mipira, madarasa yakawekewa dari za kunyonya sauti, tofauti ikaisha. Hakuna mtoto aliyeambiwa azoee.

Kwa hiyo wenye maduka: bei iandikwe ubaoni, sauti ya kurekodi izimwe. Mnaobakia na muziki, uwe usio na maneno. Utavuruga bado, ila kidogo. Wenye magari ya matangazo, mkikaribia ukuta wa shule zimeni, msipunguze.