Saa ya mkono ya mtu wa baharini: Duro, Seiko 5 au Citizen ya sola?

Mwanamashua wa Lamu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaozijua saa. Kazi yangu ni boti, napakia abiria baina ya Lamu na Mokowe, na jioni nikipata nafasi navua. Mkono wa kushoto haukauki: nanga, kamba, kusukuma boti maji yakipwa, kutawadha. Saa niliyo nayo nilipewa zawadi, imeandikwa mgongoni kwamba haiingii maji. Tangu kusi ianze kioo kimeshika ukungu kwa ndani na sasa mshale wa sekunde unatetemeka pale pale.

Nina Sh12,000, nikijikaza naweza kufika 15,000. Nataka saa moja tu, ya kazini na ya kuvalia kanzu siku ya harusi ama Maulidi. Ya rangi ya dhahabu sitaki. Nimeziangalia tatu: Casio Duro, Seiko 5, na Citizen Promaster ya sola, ingawa hiyo ya mwisho labda nipate iliyotumika. Kuna anayevaa mojawapo baharini? Na hizi namba za mita 30, 100, 200 zina maana gani? Mimi sizami hata mita tano.

Kijana wa Langoni

Wa alaikumu salaam. Chukua Casio F-91W mbili, zile ndogo za tarakimu, moja vaa, moja tia kabatini. Chenji nunua nyavu.

Fundi Saa Malindi

Huyu wa Langoni anatania lakini hajaenda mbali. Casio F-91W ilitoka 1989 na mpaka leo inatengenezwa, uzito wake gramu 21, na betri wanaiandikia miaka 7. Ila haikutengenezewa bahari. Inastahimili jasho, mvua na kutawadha, basi. Ukiinunua, shikilia kile kitufe cha kulia kama sekunde tatu, iliyo halisi huandika jina la Casio kwenye kioo. Waigaji nao wameanza kulijua hilo, kwa hiyo tazama na mengine, hasa muuzaji mwenyewe.

Sasa mita. Ile namba si kina cha kushuka nacho. Ni presha ambayo saa ilipimiwa ikiwa mpya, mpira wake mpya, maji yametulia. Mita 30 ni ya kunawa na manyunyu. Mita 50, kuoga baharini kwa utulivu. Mita 100 unaogelea na kujitosa. Mita 200 ndiyo ya kazi yako, na sababu si kina. Sababu ni kwamba saa za mita 200 aghalabu huja na ufunguo wa kuskrubu na mpira wa maana.

Ule ufunguo wa pembeni unaouvuta kurekebisha saa ndio mlango wa kwanza wa maji. Kwenye saa za kawaida unasukumwa tu, na ndani kuna kipete kimoja chembamba cha mpira kinachozuia kila kitu. Wa kuskrubu unauzungusha ukakaza kama kifuniko cha chupa, na hata kamba ikiukwaruza hautoki.

Mlango wa pili ni mfuniko wa nyuma, na huu ndio unaoua saa nyingi za huku Pwani. Betri imekwisha, unampelekea mtu mwenye kisu, anabandua mfuniko, anatia betri, anafinya kwa kidole gumba, umelipa, umeondoka. Ule mpira wa mfuniko umekauka, una chembe za mchanga, pengine umekatika. Haujabadilishwa wala haujapakwa grisi ya silikoni. Saa inatembea barabara, ila zile mita 200 zimebaki maandishi. Ndiyo maana mteja akiniuliza anunue saa gani namuuliza kwanza: itafunguliwa mara ngapi, na nani?

Jingine. Geuza saa yako usome mgongo. Nyingi za bei rahisi wanaandika kwamba mgongo ni chuma kisichoshika kutu, na wanamaanisha mgongo peke yake. Mwili wenyewe ni madini mengine yaliyopakwa kromi. Chumvi na jasho vikikaa pale kwenye ngozi, kromi inabambuka na mkono unaanza kuwasha.

Mwanamashua wa Lamu

Nimeigeuza. Ni hivyo hivyo ulivyosema, mgongo tu. Na ilitiwa betri mjini mwaka jana. Je, inafufuka?

Fundi Saa Malindi

Kama ni maji ya chumvi, betri ilitakiwa itolewe siku ile ile. Chumvi ikikutana na umeme hula zile njia za shaba ndani ya mashine. Na usiizike kwenye mchele. Unyevu utapungua kidogo, chumvi itabaki pale pale. Ukipita Malindi niletee niitazame, lakini usiitumainie sana.

Binti Mzamiaji, Watamu

Mimi kazi yangu ni kuwashusha wageni chini ya maji, kwa hiyo nina upande wangu. Citizen ya sola, hata iliyotumika, alimradi umjue aliyeitumia.

Hoja ya fundi ndiyo inayonifikisha hapo. Promaster ya sola haina betri ya kubadilisha kila baada ya muda. Ndani mna kibetri cha kuchajiwa kinachokaa miaka mingi, na uso wa saa wenyewe ndio unaokunywa mwanga. Ikishiba inatembea takriban miezi sita hata ukiifungia gizani, na wewe huna giza, unashinda juani. Chaji ikipungua mshale wa sekunde huacha kwenda moja moja ukaanza kuruka mbili mbili, kwa hiyo inakuambia mapema. Na ile ya wazamiaji imetengenezwa kwa kiwango cha ISO 6425, kinachodai saa istahimili angalau mita 100, isomeke gizani, iwe na namna ya kupimia muda, na ipimwe dhidi ya maji ya chumvi pia. Duro ni mita 200 kweli, lakini haina cheti hicho. Sisemi ni mbaya, vijana wengi hapa wanaivaa na hailalamiki.

Mkanda wa ngozi achana nao. Unanyonya jasho, unakakamaa, kisha unanuka. Chukua mpira au nailoni. Tena ule wa nailoni wa kipande kimoja, unaopita chini ya saa, pini moja ikikatika saa inabaki mkononi. Ila kwa kutawadha mpira una raha yake, unaulegeza tundu moja maji yanapita kwenye ngozi bila kuvua saa ukaisahau pale birikani.

Mgonjwa wa Seiko

Mbona Seiko 5 mmeipita? Saa hii ipo tangu 1963. Haina betri, inajitia ufunguo kwa mkono unavyotembea, ukiivua inaendelea kama saa 40 hivi. Ya baba yangu ililetwa kutoka Jeddah, siku za wiki zimeandikwa kwa Kiarabu, na bado inatembea. Kwa kanzu hakuna saa ya kushindana nayo. Duro ni bonge la saa, milimita 44, mkono mwembamba inauelemea.

Fundi Saa Malindi

Seiko 5 naipenda na nimezisafisha nyingi, lakini kwa huyu ndugu hapana. Zile za zamani zenye mashine ya 7S26 nyingi ni za mita 30, ufunguo wake umefichwa vizuri pale chini kwenye namba nne lakini hauskrubu. Kiwanda chenyewe kinairuhusu ibaki nyuma sekunde 20 ama itangulie 40 kwa siku. Kwa mtu wa kanzu na baraza si neno. Ya betri kama Duro hukosea sekunde 20 hivi kwa mwezi mzima. Hizi Seiko 5 Sports zilizoanza 2019 ni za mita 100, nzuri mno, ila mpya zinauzidi mfuko aliotaja.

Na maji ya chumvi yakiingia ndani ya mashine ya magurudumu ni kuifungua yote, kipande kwa kipande. Bei ya kazi hiyo unanunua nyingine.

Mgonjwa wa Seiko

Sawa, lakini usiseme nzuri mno halafu umnyime.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, wenzangu wameeleza chuma na mpira, mimi nakupa matumizi. Ile pete inayozunguka kwenye Duro, wazamiaji huipimia dakika zao za chini. Mimi naishikia maji.

Maji yakijaa kabisa, izungushe pete mpaka ile pembetatu ielekeane na mshale mfupi. Uiache. Mshale mfupi ukifika upande wa pili wa uso, mkabala na pembetatu, na kupita kidogo, maji yamekupwa. Ukirudi kwenye pembetatu na kupita kidogo tena, yamejaa. Baina yake unakisia kwa jicho: umbali wa mshale na pembetatu ndio hali ya maji. Kwa anayepita kwenye mafungu na mikoko ni kitu kikubwa, hasa abiria wanapokupigia kelele na huna nafasi ya kuhesabu.

Siku ya pili maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo pembetatu isogeze mbele alama nne za dakika. Hapa pana usumbufu. Pete hiyo huenda upande mmoja tu, kinyume na mishale. Waliitengeneza hivyo makusudi, ili mzamiaji akiigonga kwenye jiwe ikasogea, imhesabie muda mrefu kuliko aliokaa, apande mapema. Ingekuwa inakwenda pande zote ingeweza kumdanganya kwamba bado ana hewa. Basi wewe kusogea alama nne mbele unaizungusha karibu duara zima, tik tik tik, kila alfajiri. Mke wangu alikuwa akiisikia anajua nakwenda baharini.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, huhitaji hata pete. Kwetu maji hujaa saa kumi, saa kumi na moja, na kupwa saa nne, saa tano. Lakini hayo unayajua.

Mwanamashua wa Lamu

Ya bamvua nayajua, ya pete wallahi sijapata kuyasikia. Ahsante sana nahodha.

Kijana wa Langoni

Kuna saa ya Casio, G-Shock, inayoyachora hayo maji yenyewe. Mnamchosha bure.

Binti Mzamiaji, Watamu

Ipo, G-Lide, mfano GLX-5600, ina grafu ya maji na mwezi na ni ya mita 200. Lakini haijui uko wapi mpaka uiambie. Unaipa longitudo ya mahali, na muda unaopita baina ya mwezi kuwa juu na maji kujaa pale. Ukiiacha na mahali ilipowekwa kiwandani, itakuonyesha maji ya kwingine. Ukiiweka sawa inakisia vizuri, ila upepo haiuhesabu. Na ni ya tarakimu, sijui mwenzangu kwa kanzu utaionaje.

Msomi wa Mkomani

Mimi nilikuwa nimpe wazo la zile za Casio zenye nyakati za sala na dira ya kibla. Kwa Muislamu anayefanya kazi safarini ni faida.

Nahodha Mstaafu

Nyakati za sala sawa, nakubaliana nawe. Dira ya kibla kwa mtu wa Lamu ni pesa ya bure. Makka iko longitudo ya 39.8 na sisi tuko karibu 40.9. Maana yake kibla chetu ni kaskazini, ukiegemea magharibi kidogo sana. Nahodha asiyejua kaskazini iko wapi asipewe abiria.

Msomi wa Mkomani

Hahaha, nimenyamaza.

Jirani wa Shela

Kwa nini hanunui saa janja? Ina kila kitu.

Kijana wa Langoni

Ina kila kitu isipokuwa chaji.

Mwanamashua wa Lamu

Nimesoma yote. Citizen iliyotumika niliyoonyeshwa, mwenyewe hajui ilifunguliwa lini wala na nani, na bei anataka zote 15,000. Naona nichukue Duro mpya, ile yenye picha ya nduaro usoni, ibaki chenji ya mkanda wa pili. Fundi, mkanda wake upana gani? Nataka nailoni wa kazini na wa chuma wa kuvalia kanzu. Na betri ikiisha nifanyeje, nisirudie yale yale?

Fundi Saa Malindi

Mikanda yake ni milimita 22, wa nailoni na wa chuma yote miwili. Betri itakwenda kama miaka mitatu. Ikiisha, usiipeleke kwa mtu asiyekuwa na mpira mpya wa mfuniko mkononi. Mwambie akuonyeshe kabla hajafungua, na kama ana chombo cha kupimia presha aipime mbele yako. Mfuniko wa Duro ni wa kuskrubu, akija na kisu chukua saa yako uondoke.

Ukirudi baharini suuza kwa maji matamu, ufunguo ukiwa umekazwa, na izungushe pete duara moja ndani ya maji ili mchanga utoke. Mchanga ukikaa chini ya pete unashika, na nguvu ukitumia unaharibu meno yake. Kioo chake ni cha kawaida, si cha yakuti, kitapata mikwaruzo kwenye kamba, hilo lizoee.

Na zile pini za kushikia mkanda zinazokuja na mikanda ya bei rahisi zitupe, nunua nene za chuma kisichoshika kutu. Nyembamba zinaoza kwa ndani bila kuonekana, na saa inaangukia pale jeti unapomshika abiria mkono.