Naomba ushauri: kupiga mbizi Mafia, Oktoba au Februari?

Habari zenu wakuu. Tuko wanne, wote tuna vyeti vya kupiga mbizi kwa mitungi, tunataka siku 6 Mafia. Masika tumeshayaondoa, na Kusi kali (upepo wa kusini wa katikati ya mwaka) pia: Julai mawimbi yanafunga miamba ya nje, unabaki ndani ya Ghuba ya Chole tu.

Kinachonitatiza ni hiki. Oktoba, wakati wa tanga mbili (kipindi kati ya Kusi na Kaskazi), bahari hutulia na maji huwa maangavu, ila papa potwe wa Kilindoni ndio kwanza wanaanza kuonekana. Desemba hadi Februari wapo, lakini wanafuata vijidudu vinavyoelea, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyotia maji ukungu. Mngechagua lipi?

Halafu mikondo. Mlango wa Kinasi, njia ya maji kati ya Ghuba ya Chole na bahari kuu, unafaa maji yakijaa, yanapoingiza maji safi ya bahari kuu; yakitoka yanabeba uchafu wa ghuba na kukusukuma nje. Nawaza tukwepe bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), twende maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), mwezi ukiwa nusu. Je, mkondo hupungua kiasi cha kumfaa mtu mwenye mbizi 20 tu?

Na suti ya milimita 3 inatosha Oktoba, au tubebe ya 5?