Meli ikitia nanga Flåm: treni ya mlimani itamfaa mama mwenye goti bovu?

Binti wa Section 58
Habari za jioni wanajukwaa. Naandika kutoka Nakuru. Mwezi wa sita mwakani mimi na mama tutakuwa kwenye meli ya kitalii huko Norway. Shemeji yangu anayeishi Bergen ndiye aliyetulipia, zawadi ya mama kutimiza miaka 70. Siku moja meli itatia nanga Flåm, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na hapo kuna treni inayopanda mlimani. Meli inauza ziara hiyo kwa bei iliyonitoa jasho. Kujikatia tiketi wenyewe ni nafuu. Mama ana goti linalomsumbua tangu aanguke sokoni, na giza la mahandaki ambamo treni hiyo hupita humkosesha raha. Nimpeleke, au tubaki melini? Na tukijikatia wenyewe, treni ikichelewa itakuwaje?

Gadi Mstaafu, Kisumu
Binti, mpeleke. Nimekuwa gadi wa treni miaka 28, mingi kati ya Nakuru na Kisumu, na mwaka juzi mwanangu alinipandisha treni hiyo hiyo.

Goti lisikutishe. Kutoka gatini hadi steshani ni hatua chache tu. Reli ina kilomita 20 na ushee: inaanza mita 2 juu ya bahari na kuishia Myrdal, mita 867. Penye mwinuko mkali inapanda mita moja kwa kila mita 18. Sisi tulioteremka milima ya Mau hadi Fort Ternan na Muhoroni na mabehewa ya mizigo nyuma yetu tunajua mwinuko ni kitu gani. Nilikaa nikisikiliza magurudumu njia nzima. Kuna injini mbele na nyingine nyuma, na behewa halikushtuka hata mara moja. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, haikumwagika.

Mahandaki ni 20, na 18 yalichimbwa kwa mikono. Mita moja iliweza kuwala watu mwezi mzima. Kazi ilianza miaka ya 1920, treni zikaanza kupita 1940. Msimulie mama hayo kabla hamjaingia, ajue ni mikono ya watu iliyompasulia njia. Ndani ya behewa taa zinawaka.

Lakini lililonishika moyo ni mto. Huku Mau tulivushwa mabonde kwa madaraja marefu ya chuma. Kule reli inakutana na mto mara tatu na hapo pote hakuna daraja: mto ndio uliochimbiwa handaki, ukapitishwa chini ya reli. Nilipoelezwa niliinuka kitini, mzee mzima, nikauchungulia.

Treni husimama kama dakika tano kwenye maporomoko ya Kjosfossen. Hapo uwe macho. Watu hutoka kwa kusukumana, na sakafu imelowa kwa manyunyu. Mama ashuke mwisho, asimame karibu na mlango. Wakati wa kiangazi muziki hulia, na mwanamke mwenye gauni jekundu hutokea kwenye miamba akicheza. Anaigiza huldra, mwanamke wa msituni katika hadithi zao za kale, anayewavuta wanaume wapotee. Mimi nilimkumbuka yule mwanamke ambaye Nyamgondho, mvuvi wa hadithi za Wajaluo, alimvua ziwani.

Mpishi wa Melini, Kakamega
Dada, nimepika melini miaka sita. Ziara ya meli ikichelewa, meli huingoja. Ukijikatia tiketi mwenyewe, haikungoji. Ila kupanda ni kama saa moja na kurudi vivyo hivyo, kwa hiyo mkichukua treni ya asubuhi mtakuwa mmerudi mchana na saa nyingi zimebaki. Kateni tiketi ya kwenda na kurudi mapema, maana kiangazi zinaisha. Msishuke Myrdal mkidhani mtapata gari la kurudi. Hakuna barabara ya magari inayofika pale. Na kama safari inaanzia Uingereza na kuishia huko, hakikisheni viza yenu ya Uingereza inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, pamoja na ile ya Schengen ya kuingilia Norway.

Binti wa Section 58
Asanteni sana. Nimemsomea mama. Anasema alipokuwa msichana alipanda treni ya usiku kwenda Kisumu, na baridi ya Londiani anaikumbuka hadi leo. Anauliza, Mzee, tukae upande gani?

Gadi Mstaafu, Kisumu
Mpe mama salamu zangu. Huenda nilimpigia filimbi. Mandhari hubadilika upande, basi kaeni upande mmoja mkipanda na wa pili mkishuka. Na abebe sweta na chupa ya chai. Mimi nilikwenda mwezi huo huo wa sita, na kule juu theluji ilikuwa bado imelala kando ya reli.

Binti wa Section 58
Nimekata tiketi mbili, treni ya asubuhi. Sweta ameshaanza kulifuma.