Naombeni ushauri: bima ya helikopta ya rimoti kwa kazi ya picha za angani

MpigaAngani (mleta uzi)
Wakuu, napiga picha za angani kwa helikopta ya rimoti, ile yenye panga kuu na panga la mkia. Ina kilo 7 pamoja na kamera. Nimepata mteja wa maana, anataka jengo lake jipya lipigwe kutoka juu. Bima ni lazima? Ya aina gani? Usingizi sipati, naombeni majibu ya maana.

Kipanga77
Uza hiyo, nunua droni ya mapanga sita. Yangu ililegea skrubu ya panga la mkia, ikazunguka kama pia mpaka chini. Panga la kaboni lilipasuka, kipande tukakikuta kimechoma mlango wa banda. Sijairusha tena.

MwanaBima
Hajauliza hilo. Mleta uzi, kuna bima ya chombo na kamera, na kuna ya dhima kwa mtu wa tatu, yaani ukimuumiza mtu au kuharibu mali yake. Hiyo ya pili ndiyo ya kuanza nayo. Sasa hivi una ipi? Na chini kutakuwa na watu?

MpigaAngani
Ninayo ya klabu yetu ya ndege za mfano. Watu watakuwepo, ni siku ya uzinduzi. Ila nitarukia pembeni.

MwanaBima
Geuza kadi ya klabu usome nyuma. Nyingi zinalinda burudani tu, ukilipwa haikuhusu. Umesaini chochote?

MpigaAngani
Nimesaini. Kipengele kimoja kinasema mpiga picha anayo bima ya dhima. Advansi nimeshachukua, nikanunulia lenzi. Lakini bima si ninayo? Sijadanganya. Na miaka yote hii sijamgusa mtu.

BiMkubwa
Mwanangu, mwaka 2013 huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 alifariki baada ya kupigwa na panga la helikopta yake mwenyewe ya rimoti. Hapo hakukuwa na wageni wa uzinduzi. Pesa zisikupofushe.

WakiliWaKijiweni
Na msidhani sheria inaiita mwanasesere. Raphael Pirker alirusha ndege ya povu juu ya Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 2011, akapigwa faini ya dola 10,000. Jaji akaifuta, lakini Novemba 2014 bodi ya rufaa ikasema hata ndege ya mfano ni chombo cha anga, marufuku kuirusha kizembe. Kesi ikaishia kwa maelewano ya dola 1,100. Marekani ina kanuni ya 107 ya droni za kazi tangu 2016, inadai leseni ila bima haiilazimishi. Uingereza ukirusha kibiashara, bima ni lazima hata chombo kikiwa chini ya kilo 20. Ulizia mamlaka ya anga ya kwenu.

TochiYaMchana
Hii chai. Mteja gani anatoa advansi bila kuona cheti cha bima? Mwanzo lilikuwa jengo, sasa kuna wageni. Kesho tutasikia na rais yupo.

Kipanga77
Hata mimi nimeanza kuhisi. Weka picha ya helikopta.

MwanaBima
Wateja hao wapo, cheti hukikumbuka tukio likikaribia.

MpigaAngani
Si chai! Wamekikumbuka jana. Wanataka cheti kabla ya Ijumaa, kitaje na jina la kampuni yao. Nilifikiria kuwatumia kadi ya klabu upande wa mbele. Nani atasoma nyuma?

TochiYaMchana
Aisee. Kumbe ndiyo swali lenyewe.

MwanaBima
Usithubutu, huo ni udanganyifu. Mpigie wakala leo, ulizia bima ya muda mfupi ya kazi za kulipwa. Atataka leseni, kibali na kumbukumbu zako za kuruka. Ukiruka bila kibali, wanaweza kupokea ada yako na fidia wakaikataa. Halafu omba kupiga asubuhi, kabla wageni hawajafika.

MpigaAngani
Kibali sina. Na mteja anataka watu waonekane.

MwanaBima
Basi mwandikie leo hii kwamba juu ya watu huruki. Akikataa, hiyo lenzi iuze umrudishie advansi yake.